Tumbo halilali, nami silali: wanachuo wa Mombasa njooni tuongee

KijanaWaTudor (mwenye uzi)

Salamu zenu nyote. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite kando.

Mie niko mwaka wa tatu. Chuo chetu kiko hapa Tudor na chumba nimepanga papa hapa, tunakaa wawili. Tangu mitihani ya muhula uliopita nina mgeni wa saa nane usiku. Si saa saba, si saa tisa. Saa nane naamka kifua kinawaka, mdomoni maji machungu kama mtu aliyetafuna kokwa za ndimu. Naketi ndani ya chandarua, feni inazunguka, mwenzangu anakoroma, mie nameza mate. Baada ya hapo ni mang'amung'amu tu mpaka waadhini waanze kupokezana. Saa mbili asubuhi niko darasani nasinzia mbele ya mhadhiri, na jioni, wakati wenzangu wanachoka, mie ndiyo kwanza nachangamka.

Nilivyotibiwa ni kichekesho. Duka la dawa la kwanza, hata sijamaliza kueleza: "Hiyo alsa," yaani vidonda vya tumbo. Nikapewa vidonge vyeupe vya kutafuna. Nafuu ya saa moja. Duka la pili nikauziwa antibaiotiki aina mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, bila kupimwa chochote. Siku ya nne mdomo una ladha ya chuma, tumbo linaendesha, nikaacha. Najua, dawa kama hizo haziachwi katikati. Lakini pia hazianzwi vile.

Mwishowe mamangu mdogo akanishika mkono mpaka zahanati moja. Wakapima choo, bakteria wa H. pylori, wale wanaoleta vidonda vya tumbo, hawamo. Yule daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, na hakukimbilia kalamu. Akaniuliza: "Unakula saa ngapi na unalala saa ngapi?" Nikababaika. Sikuwa najua. Akasema nenda ukaandike wiki mbili, uje.

Nikatoa daftari la hesabu, lile la miraba, nikachora safu tano: nilichokula mwisho, saa niliyokula, saa niliyolala, nini kiko kesho, na nimeamka au sikuamka. Usiku 14. Haya ndiyo yaliyotoka:

Usiku 8 nilikula baada ya saa nne. Mara 6 mgeni akaja, mara 2 hakuja, na zote mbili zilikuwa Ijumaa, kesho yake sina darasa.

Usiku 6 nilikula mapema, kabla ya saa mbili na nusu. Mara 3 nililala kama gogo. Mara 3 akaja vilevile: mbili kesho yake palikuwa na CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, na moja nilikuwa nimetoka kuongea na nyumbani habari za karo.

Sasa kila mtu ananiambia nichague. Mamangu anasema ni pilipili. Mwenzangu anasema ni mawazo. Daftari langu limekataa kuchagua. Viazi karai vya saa nne na nusu vinanisumbua usiku wa mawazo, na mawazo yananisumbua hata nikila uji. Vikikutana vyote viwili, hapo ndipo naliona jua likichomoza.

Kuna mwingine hapa anayejijua?

SimbaKauka

Viazi karai na chatini ya ukwaju saa nne na nusu usiku, halafu wamtafuta mchawi. Yakhe, tumbo ni la nyama, si sufuria.

KijanaWaTudor

@SimbaKauka haha. Ndugu yangu, jioni nafanya kazi kwenye saibakafe ya mtu mpaka saa nne. Nikitoka kilichobaki barabarani ni karai na mishkaki. Wali ningepika saa ngapi?

MuuguziMwanafunzi

Mie nasomea uuguzi, nina mwaka mmoja nimalize, kwa hiyo mnisahihishe mnaojua zaidi.

Kwanza swali kwa mwenye uzi: kile kipimo cha choo ulifanya muda gani baada ya zile antibaiotiki? Kwa sababu antibaiotiki zinatakiwa ziwe zimekaa wiki 4 tangu ziishe, na dawa za asidi kama omeprazoli wiki 2, la sivyo bakteria wanakuwa wachache mno na kipimo kinasema hawapo kumbe wamejificha.

Pili, daftari lako limesema kweli. Utumbo una neva zake wenyewe, zaidi ya milioni 100, zinaweza kuendesha kazi bila kusubiri amri ya kichwa. Kati ya huko na ubongo kuna neva ndefu inayoitwa vagasi. Watu hudhani kazi yake ni ubongo kulituma tumbo. Kumbe ni kama feri ya asubuhi: wanaotoka Likoni kuja mjini wamejaa mpaka ukingoni, wanaokwenda upande wa pili wanahesabika. Nyuzi karibu 4 katika kila 5 za neva ile hupeleka habari kutoka tumboni kwenda kichwani. Tumbo likichafuka, kichwa kinajua hata kama umelala.

Na huku kwingine: ukiwa na hofu ya mtihani, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Damu inaelekezwa kwenye misuli, tumbo linachelewa kumwaga chakula, utumbo mpana unaharakisha. Ndiyo maana mmoja anajaa gesi na mwingine anakimbilia choo, hofu ni ileile. Kotisoli, homoni ambayo kwa kawaida hushuka usiku wa manane na kupanda alfajiri ili ituamshe, kwa mwenye mawazo haishuki sawasawa.

Kitu ambacho wengi hawakijui: mawazo si lazima yaongeze asidi. Yanaweza kuifanya asidi ileile iume zaidi. Na kukosa usingizi kunafanya hivyohivyo, koo la chakula linakuwa jepesi kuhisi. Yaani usiku wa jana usipolala, kiasi cha asidi ambacho juzi usingekisikia, leo kinakuamsha. Hapo umeshaingia kwenye kinu.

Kwa nini saa nane? Ukila saa nne na nusu ukalala saa tano na nusu, chakula cha mafuta bado kimo tumboni. Mtu aliyelala hamezi mate mara kwa mara, na mate ndiyo yanayosafisha asidi iliyopanda. Mtu akisimama, uzito unaisaidia kurudi chini. Akilala chali inakaa pale pale inaunguza.

KijanaWaTudor

@MuuguziMwanafunzi dadangu, ahsante. Kipimo kilikuwa kama miezi miwili baadaye. Hapo niko salama? Ila hiyo ya mate sijawahi kuambiwa na mtu.

MuuguziMwanafunzi

Miezi miwili inatosha. Na mie ni kaka, si dada.

KijanaWaTudor

Samahani kaka 😂

BahariaMstaafu

Wanangu, mimi si mwanachuo, mjukuu wangu ndiye. Lakini hili la kahawa mbona hamlisemi? Jioni nakaa barazani kunywa kahawa tungu, nawaona vijana wa vyuo wanakuja na chupa za plastiki, muuzaji anawajazia kutoka kwenye dele, wanaondoka nayo kwenda kusomea. Sisi tulikuwa twanywa kikombe kidogo kile cha mviringo, na kipande cha halua, tukaongea. Hawa wananywa kama maji ya kunawia.

Na jambo jingine. Tumefunzwa tukilala tulalie ubavu wa kulia. Mjukuu kaniambia kwenye simu yake kumeandikwa kushoto ndiko kuzuri kwa kiungulia. Ni kweli?

MuuguziMwanafunzi

Shikamoo mzee.

Ni kweli. Tumbo la chakula limepinda. Ukilalia kushoto, mlango wa juu unakaa juu ya kile kilichomo, asidi inashuka. Ukilalia kulia mlango unakuwa chini, inachuruzika. Lakini mzee hakuna aliyekwambia uache ulichofunzwa. Anza kwa kulia kama kawaida yako, hakuna mtu anayelala ubavu mmoja mpaka asubuhi. Anayeamshwa na moto usiku ndiye namwambia ageukie kushoto. Njia nyingine isiyogusa ubavu wowote: inua upande wa kichwani wa kitanda, kama sentimita 15 au 20, weka matofali chini ya miguu. Mito mingi haisaidii, inakunja tumbo tu.

Kahawa: mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu ya kafeini, kuna wenye haraka na wenye pole. Chupa ya saa moja jioni, saa sita usiku nusu yake bado imo. Kazi yake ni kuziba mahali ambapo adenosini, kemikali ya ubongoni, ingekaa ikuambie umechoka. Uchovu hauondoki, unafichwa. Na kwa baadhi ya watu inalegeza ule mlango wa juu wa tumbo. Chai kali ya rangi nayo imo humohumo, msidhani mmesalimika.

BahariaMstaafu

Marahaba mwanangu. Basi nitamwambia muuzaji awapunguzie.

KijanaWaTudor

Matofali tumejaribu usiku huu. Kitanda chetu ni cha ghorofa. Mwenzangu aliye juu ameteremka mpaka miguu yake ikatokeza nje ya chandarua, mbu wamemla. Nimeamriwa niyatoe.

BintiKisauni

Mie wangu si kiungulia. Mie ni choo. Niseme wazi tu maana humu hamnijui.

Wiki ya mitihani tumbo linanikata asubuhi mara tatu, mara nne, halafu siku mbili hakuna kitu, limefunga. Nimepimwa minyoo, taifodi, ameba, sina. Daktari akaniambia utumbo wangu hauna kidonda, ni mwepesi kushtuka, na kwamba wanawake tunalipata zaidi.

Sasa tatizo langu kubwa si hata tumbo. Ni daraja la Nyali. Natoka Kisauni na matatu, tukifika pale gari limesimama, mbele magari, nyuma magari, chini bahari. Ukishikwa pale umeshikwa. Kwa hiyo nikawa sili asubuhi. Wala mchana sili, kuna vipindi. Narudi nyumbani saa mbili usiku nina njaa ya siku nzima, nakula sahani ya wali kwa maharagwe na chapati juu, naanguka. Saa tisa tumbo linanguruma kama mashine ya kusaga, mie macho juu nahesabu saa zilizobaki kabla ya matatu.

Yaani kilichokuwa kinanikosesha usingizi ni jamu ambayo bado haijatokea.

KijanaWaTudor

@BintiKisauni hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili.

MuuguziMwanafunzi

@BintiKisauni dadangu, kama ni dada kweli, jaribu kugeuza: kula kidogo asubuhi, ila amka mapema kwa saa nzima. Chakula cha kwanza cha siku huamsha utumbo mpana, unasukuma. Ukikipa nafasi nyumbani, choo unamaliza nyumbani, na daraja unalivuka mtupu. Usiku punguza. Maharagwe usiku kwa tumbo la namna yako ni gesi tupu, yahamishe mchana.

BintiKisauni

Ni dada 😅 nitajaribu wiki hii.

MtuWaMuguka

Naona mnazunguka. Hakuna anayetaka kutaja muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa?

Mwaka wa pili nilikuwa natafuna kila usiku wa rivisheni. Jani, jojo, soda ya baridi. Unasoma kweli, siwezi kudanganya, kurasa zinapita. Shida ni kwamba njaa inakufa, usingizi unakufa, na choo kinakufa. Siku nne sijaenda. Nikaingia kwenye mtihani nimevimba kama puto, nikaandika kurasa sita za swali ambalo halikuulizwa.

Mwaka 2024 kaunti ilipiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri, wakavutana. Mie niliacha kwa sababu ya makalio, si kwa sababu ya gavana. Anayejua bawasiri anajua.

SimbaKauka

Uzi umefika kwenye makalio. Naondoka.

MuuguziMwanafunzi

Usiondoke. Alichosema ni sahihi. Kile kichangamshi kilichomo kwenye majani, kathinoni, ni ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha, ndiyo maana njaa na usingizi vinaondoka pamoja. Na tanini zilizomo zinakausha choo. Ukiongeza soda badala ya maji, umemaliza kazi.

BahariaMstaafu

Wazungu nao walilijua zamani hili la hasira na tumbo. Mwaka 1822 huko Marekani kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona lakini tundu la tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga chakula kwenye uzi, anakitumbukiza na kukitoa aone kimeyeyuka kiasi gani. Aliona kijana akikasirika, kazi ya tumbo inavurugika. Kijana mwenyewe alikuwa na haki ya kukasirika, ukiniuliza mie.

KijanaWaTudor

Mzee umetutisha 😂 Sasa huo ndio uzi mrefu.

Nirudi kwenye langu. Nimefanya mambo mawili tu, sikutaka kubadilisha yote halafu nisijue lipi limesaidia. La kwanza, saa kumi na mbili unusu jioni nakula chakula chenyewe palepale kazini: chapati, mchicha, samaki akiwepo. Nabeba kwenye kontena. Nikitoka saa nne, ndizi moja au kikombe cha uji, basi. La pili, saa ya kuamka ni moja kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, hata Jumapili. Hili la pili ndilo gumu. Wiki ya kwanza nilimchukia kila mtu.

Mgeni amekuja mara 2 katika usiku 10. Joto la huu mwezi ndilo linaloniamsha zaidi sasa, godoro kama limetolewa kwenye tanuri, na stima ikikatika feni ikisimama naamka hapo hapo. Lakini kifua hakiwaki.

Usiku wa kuamkia CAT bado ni vita. Kaka muuguzi, hapo pana dawa?

MuuguziMwanafunzi

Kuna ujinga mmoja unaosaidia: kabla hujalala andika kwenye karatasi mambo ya kesho, yote, mpaka "kununua kalamu". Kichwa kinayaachia kikijua yameandikwa. Na ukiamka saa nane usibaki kitandani unagaagaa ukitazama saa. Ondoka, kaa mahali pengine bila simu mpaka usinzie, ndiyo urudi. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhangaika, utakuwa unahangaika kila ukikiona.

Na zile habari za "kula kitu fulani kina serotonini upate usingizi", ile kemikali ya kupeleka habari kwenye neva, poleni. Ni kweli asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, lakini hiyo haivuki kuingia ubongoni.

UmmuDaku

Na Ramadhani? Nyinyi mnasema kula mapema, sisi tunakula daku saa kumi alfajiri tunarudi kitandani.

MuuguziMwanafunzi

Daku iwe nyepesi, isiwe biriani ya jana. Chelewesha kujilaza, swali, soma kidogo. Na usingizi wa mchana baada ya adhuhuri, nusu saa, si saa tatu.

MsafiriWaFeri

Nimesoma yote. Mie nafanya kazi ya kubeba mizigo mchana, jioni niko chuoni Likoni. Tumbo linaniuma juu hapa katikati, usiku hasa, nikila nafuu kidogo. Mgongo nao unauma kwa mizigo kwa hiyo namezea diklofenaki, miezi miwili sasa, wakati mwingine mbili mbili na tumbo tupu. Usingizi sipati hata lepe. Nimedhani ni mawazo ya karo. Choo kimekuwa cheusi tangu Jumatatu lakini nadhani ni mchicha. Nijaribu ule uji?

MuuguziMwanafunzi

@MsafiriWaFeri ndugu, hicho choo cheusi kiko vipi? Kinanata kama lami, kinanuka vibaya kuliko kawaida? Unakunywa vidonge vya kuongeza damu?

MsafiriWaFeri

Kama lami kabisa. Sinywi vidonge vya damu. Nikisimama haraka naona kizunguzungu lakini ni njaa.

MuuguziMwanafunzi

Usijaribu uji. Usimeze diklofenaki nyingine. Mchicha hauleti choo cha lami. Hiyo inaweza kuwa damu iliyotoka tumboni ikasagika njiani, na kizunguzungu ni kwa sababu inapungua. Nenda hospitali usiku huu, si kesho, na usiende peke yako. Waambie maneno haya: choo cheusi tangu Jumatatu, diklofenaki miezi miwili, kizunguzungu. Usiseme "tumbo linauma" ukaketi kwenye benchi.

KijanaWaTudor

@MsafiriWaFeri uko wapi? Una mtu wa kukupeleka? Nitumie ujumbe wa siri, nina rafiki upande huo ana pikipiki.

BintiKisauni

Ya Rabi. Jibu basi.

BahariaMstaafu

Mwanangu fanya alivyosema huyo kijana. Pesa zitatafutwa.

SimbaKauka

Kaka jibu. Hata nukta moja.

KijanaWaTudor

Amenijibu kwa siri. Rafiki yangu amemchukua, wameshapanda. Nitawaambia.

MsafiriWaFeri

Ni siku ya tatu leo. Nimeongezwa damu chupa mbili na wamepitisha kamera mdomoni. Kidonda kipo, kinavuja, wakakifunga humo humo. Daktari kasema ni vile vidonge vya mgongo, na wanapima kama na bakteria yupo. Karo bado iko palepale, haikulazwa na mimi.

Usingizi nao bado. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani anakoroma mpaka dripu inatikisika. Mwenye uzi, mwenzako yule hana undugu na huyu?